Ombi la Nne na Shamba la Miteja: Kuwafundisha Watoto Asili ya Riziki Yao

UTANGULIZI

Mtoto wa Kikristo katika Kanisa letu huijua Sala ya Bwana kwa moyo kabla hajajua kusoma. Akifika katika darasa la Kipaimara hufundishwa Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, na kwa kila ombi hujifunza kulijibu swali lile fupi: maana yake nini? Ombi la nne hulidhani kuwa jepesi kuliko yote, kwa kuwa linahusu chakula, na chakula anakijua. Lakini mwulize mtoto huyo chakula alichokula jana kimetoka wapi, kimepita katika mikono ya nani, na kwa nini mwaka huu ni haba kuliko mwaka uliopita. Hapo ndipo itakapoonekana kwamba ameyashika maneno ya ombi, na jambo lenyewe limempita.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kumfundisha mtoto jinsi kilimo kinavyoungana na maisha yake ya kila siku ni sehemu ya mafundisho ya Kanisa, wala si kazi ya ziada iliyoazimwa kutoka idara ya kilimo. Mfano tutakaoutumia ni Miteja, kata ya wilaya ya Kilwa mkoani Lindi, iliyo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, kaskazini ya Nangurukuru. Tumepachagua mahali hapo kwa sababu mbili. Kwanza, katika ukanda ule riziki ya nyumba nyingi hutegemea jembe: muhogo, mtama na mpunga kwa chakula, ufuta, korosho na nazi kwa fedha. Pili, ni katika wilaya hiyo hiyo ambapo kilimo kilipata kuwa chanzo cha vita, na kwa hiyo ardhi ya Kilwa ina la kutuambia juu ya namna ya kuwafundisha watoto kazi ya shamba, na pia namna isiyofaa.

1. RIZIKI KATIKA KATEKISIMU

Luther aliandika Katekisimu zake mbili mwaka 1529, baada ya ziara za ukaguzi katika sharika za Saksonia kumwonyesha jinsi watu wa vijijini walivyoachwa bila mafundisho. Katekisimu Ndogo aliikusudia itumiwe na mkuu wa nyumba kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Hivyo tangu mwanzo darasa lake lilikuwa nyumba yenyewe, mahali pale pale watu wanapopika na kula.

Katika kulieleza ombi la nne, Luther hakuishia kwenye mkate. Aliorodhesha chakula na mavazi, nyumba na shamba, mifugo na fedha. Kisha akaongeza mwenzi mwema, watawala wema, hali njema ya hewa, amani, afya, marafiki na majirani waaminifu. Katika Katekisimu Kubwa alikwenda mbali zaidi: alifundisha kwamba anayeomba mkate asiutazame tu mtungi wa unga na tanuri, bali auelekeze moyo wake kwenye shamba lote na nchi nzima inayotuletea chakula. Tena akasema ingefaa mtawala mwema awe na mkate katika nembo yake badala ya simba, ili akumbuke kazi yake ni nini.

Lugha yetu inatusaidia hapa. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ijulikanayo kama Union Version, katika Mathayo 6:11 inatumia neno riziki. Neno hili ni pana kuliko mkate, nalo linakubaliana vema na orodha ya Luther. Tena ni neno ambalo jirani Mwislamu wa Kilwa analitumia kila siku, naye hukiri kwamba mtoa riziki ni Mungu. Katika wilaya ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu na sharika za Kikristo ni ndogo, jambo hili si dogo. Mwinjilisti anayewafundisha watoto asili ya riziki anasema neno ambalo mtoto atalisikia pia kwa wenzake watokao madrasa, na wote wanalima udongo mmoja.

Luther alifundisha pia kwamba kazi za viumbe ni kama vinyago ambavyo Mungu amejificha nyuma yake akitoa vipawa vyake. Mkulima, mvua, udongo na mwenye kutwanga ni vinyago vya namna hiyo. Mtoto asiyeoneshwa kinyago hawezi kuulizia aliye nyuma yake. Ndiyo maana maarifa ya kilimo, yakifundishwa ipasavyo, hayamwondoi mtoto katika sala. Humpa kitu cha kusali juu yake.

2. MUHOGO: MAARIFA YALIYOFICHIKA JIKONI

Msomaji anaweza kupinga kwamba mtoto wa Miteja hahitaji kufundishwa kilimo, kwa kuwa amezaliwa ndani yake. Amekwisha kukaa katika dungu akiamia ndege, amekwisha kufukuza ngedere na nguruwe, amekwisha kubeba kuni na maji. Ni kweli. Lakini kuijua kazi ni jambo moja, na kuyajua maungano ya kazi hiyo na uhai wake ni jambo jingine. Tuangalie muhogo.

Mtoto humwona mama yake akimenya muhogo, akiuloweka, akiuanika juani hata uwe makopa, kisha akiutwanga na kuuchekecha kabla ya kusonga ugali. Kwake hayo ni mazoea tu ya nyumbani. Hajaambiwa kwamba muhogo mchungu una sumu ya jamii ya sianidi, na kwamba kila hatua katika mfuatano ule ina kazi ya kuipunguza sumu hiyo. Wakati wa ukame sumu huzidi, na njaa nayo huwasukuma watu kuzifupisha hatua. Matokeo yake huweza kuwa ugonjwa uitwao konzo, ambao hupoozesha miguu ghafula na hauponi. Huwashika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa pale ambapo mboga za kuujenga mwili zimekosekana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa huo ulizuka mkoani Mtwara, mkoa jirani wa Lindi.

Hapa mtoto hupata fundisho lisilosahaulika: kati ya shamba na sahani yapo maarifa, maarifa hayo yamehifadhiwa mikononi mwa mama na bibi ambao pengine hawakupata kwenda shule, na kuyadharau ni kuhatarisha miguu ya mtu. Amri ya kuwaheshimu baba na mama hupata uzito mpya mtoto anapofahamu kwamba yu mzima kwa sababu bibi yake hakuwa na haraka.

Muhogo unafundisha pia habari ya jirani. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza katika Tanganyika mwaka 1936, huozesha mzizi ndani ya ardhi huku majani yakiweza kuonekana mazuri. Huenezwa na inzi weupe, tena huenezwa na watu wenyewe wanapopeana vipando vyenye maradhi. Mtu humpa jirani yake kipando kwa nia njema, naye baada ya miezi mingi huchimba mizizi iliyooza. Luther alipowataja majirani waaminifu katika ombi la nne hakuwa na habari za muhogo, lakini mtoto wa Miteja anaweza kulielewa neno lake hapa: uaminifu wa jirani ni pamoja na kuchagua vipando safi kabla ya kumpa mwenzako, na kumwambia ukweli ukiona shamba lako limeshikwa.

3. UFUTA: MIZANI, BARABARA NA MWENZETU MFUGAJI

Ikiwa muhogo humfundisha mtoto habari za mwili, ufuta humfundisha habari za haki. Ufuta ni zao la fedha. Huvunwa kuanzia Mei kabla vitumba havijakauka na kupasuka. Mabua hufungwa na kusimamishwa yakauke, kisha hupinduliwa juu ya turubai ili mbegu zimwagike. Punje hizo ndogo ndizo sare ya shule, daftari, dawa ya homa na bati la nyumba. Nazo ndizo sadaka inayofika madhabahuni.

Kwa miaka mingi wakulima wa kusini walinyonywa na biashara iitwayo kangomba: mwenye shida huuza mazao yake mapema kwa bei ya kutupa, tena kwa vipimo visivyo halali. Ili kuizuia, Serikali ilileta utaratibu wa stakabadhi ghalani, kwanza katika korosho na baadaye katika ufuta. Mkulima hupeleka mzigo wake katika chama cha ushirika cha msingi, hupimiwa, hupewa stakabadhi, mzigo huuzwa kwa mnada, naye hulipwa baada ya makato. Utaratibu huo una faida zake na malalamiko yake, na si kazi ya makala haya kuuhukumu. Jambo letu ni kwamba mtoto wa darasa la tano anaweza kuusoma. Anaweza kuichukua stakabadhi ya baba yake, akazidisha kilo kwa bei, akatoa makato, na kuona kama hesabu inalingana. Hesabu hiyo ni ya darasani, na wakati huo huo ni ufafanuzi wa Mithali 11:1 juu ya mizani ya hadaa, na wa Amosi 8:5 juu ya wauzao nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa. Mtoto aliyeifanya hesabu hiyo akiwa na miaka kumi na mmoja hataona ajabu, akiwa mtu mzima, kuuliza maswali katika mkutano wa chama.

Ufuta una upande mwingine ambao haufai kufichwa. Mara nyingi shamba jipya hufunguliwa kwa kukata msitu na kuuchoma. Kwa hiyo mtoto na aoneshwe kwamba agizo la Mwanzo 2:15 lina vitenzi viwili, kulima na kutunza, na kwamba fedha ya mwaka huu yaweza kuwa imetolewa katika kivuli na chemchemi za mwaka ujao.

Aidha, Kilwa si ya wakulima peke yao. Wafugaji walioondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walielekezwa mikoa ya kusini, Kilwa ikiwa mojawapo ya wilaya zilizowapokea, na tangu hapo pametokea migogoro ya ng'ombe kuingia mashambani, mingine ikiwa na madhara makubwa. Watoto wa pande zote mbili hukutana shuleni. Orodha ya Luther inataja shamba na mifugo katika sentensi moja, mwalimu asiitenganishe. Mtoto wa mkulima ajue ng'ombe anahitaji maji kiasi gani kwa siku na kwa nini mfugaji hawezi kungoja. Mtoto wa mfugaji ajue kwamba ekari moja ya ufuta iliyokanyagwa ni karo ya mwenzake. Amani nayo ni riziki, kama Katekisimu isemavyo.

Hatimaye kuna barabara na hali ya hewa. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara kuu ya kusini katika eneo la Somanga, kaskazini ya Miteja, na magari yakakwama pande zote mbili. Watoto walioliona jambo hilo, au walioambiwa habari zake, hawahitaji mhadhara mrefu kueleza kwa nini Luther aliweka mvua njema na serikali njema ndani ya ombi la chakula. Daraja likibomoka, nazi huoza upande mmoja na unga hupanda bei upande wa pili.

4. PAMBA YA MWAKA 1905: JEMBE LISIWE ADHABU

Tumefika mahali pagumu. Yote tuliyosema yanaweza kuharibiwa na jambo moja, nalo ni desturi ya kulitumia shamba kama fimbo. Katika shule zetu nyingi mtoto aliyechelewa hupelekwa kulima. Aliyekosa hesabu hupewa sehemu ya kupalilia. Na mavuno ya shamba la shule mtoto hayaoni wala hasomewi hesabu yake. Baada ya miaka saba mtoto huyo amejifunza vema kwamba jembe ni la wakosaji na kalamu ni ya wenye akili. Kisha Jumapili huomba riziki, akiidharau mikono inayoileta, ambayo ni mikono ya wazazi wake.

Ardhi ya Kilwa imekwisha kuliona jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Tangu mwaka 1902 utawala wa Wajerumani, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, uliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, kwa malipo madogo mno, huku mashamba yao ya chakula yakikosa nguvu kazi. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, upande wa bara wa wilaya, watu waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche. Kitendo hicho kilikuwa tangazo la Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye maji yake yaliwaunganisha watu wa makabila mengi, alinyongwa Agosti 4, 1905. Vita viliendelea hadi mwaka 1907, na kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yaliteketeza mashamba na maghala, waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Makadirio ya vifo huanzia 75,000 na kufika 300,000.

Wamatumbi hawakuwa watu wasiojua kulima wala waliochukia kazi. Walichokikataa ni kazi iliyotengwa na maisha yao: zao wasilolila, shamba wasilolipanga, malipo wasiyoyaona. Mafunzo ya kilimo yanayomtenga mtoto na matunda ya kazi yake hurudia, kwa kipimo kidogo, kosa lile lile.

Mwalimu Julius Nyerere aliliona hilo katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967. Alitaka shule iwe na shamba, lakini alitaka pia wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua, na waone faida na hasara ya kazi yao wenyewe. Katika shule nyingi sehemu ya kwanza ilishikwa na ya pili ikaachwa. Shamba likabaki, uamuzi ukaondoka. Kanisa likitaka kufundisha kilimo halina budi kuanza na ile sehemu iliyoachwa.

5. NJIA YA KUFUNDISHA

Njia tunayoipendekeza haihitaji fedha wala vitabu vipya. Ni swali la Katekisimu, maana yake nini, likiulizwa juu ya vitu badala ya maneno tu.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili huanza na kitu kimoja kilichopo katika nyumba ya kila mtoto, kwa mfano kopa la muhogo, na huwauliza watoto warudi nyuma hatua kwa hatua: nani alilianika, nani alilichimba, kipando kilitoka kwa nani, mvua ilinyesha lini, nani alilinda usiku. Kila jina linalotajwa huandikwa au hukumbukwa, na mwishoni mwa kipindi watoto hushukuru kwa majina hayo. Hivyo ndivyo sala hupata nyama. Juma linalofuata watoto huenda mbele badala ya kurudi nyuma: muhogo huu, au ufuta huu, utakwenda wapi baada ya sisi, na nani atanufaika nao? Punje za ufuta wa Tanzania husafirishwa hadi China na Japani. Mtoto hushangaa kusikia kwamba kuna mtu wa mbali asiyemfahamu anayekula kazi ya mama yake.

Kwa watoto wakubwa wa Kipaimara, mwalimu achukue shati la sare. Nyuzi zake za pamba zina historia, na historia hiyo inapita Nandete. Wazee walio karibu waalikwe kusimulia, wawe Wakristo au Waislamu.

Kama usharika una kiwanja, watoto wapewe tuta lao. Wachague wenyewe zao, wahesabu gharama, wapande, na mavuno yakipatikana waamue hadharani sehemu gani italiwa, ipi itauzwa na ipi itakuwa sadaka. Mazao yakikauka, jambo hilo nalo lifundishwe, kwa maana Marko 4:26-29 inamweleza mpanzi asiyejua jinsi mbegu inavyomea. Mwanadamu hupanda; kukua si kwake. Jambo moja tu lipigwe marufuku: tuta hilo kamwe lisiwe mahali pa adhabu.

Kilele cha mafundisho hayo ni Sikukuu ya Mavuno. Katika sharika nyingi ibada hiyo hufuatwa na mnada, na hapo watu wazima hutawala. Kumbukumbu la Torati 26:1-11 inatuonyesha utaratibu mwingine. Mtu huleta kapu la malimbuko, na kabla ya kuliweka chini husimulia historia ya baba zake, utumwa wao na ukombozi wao. Kisha hufurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yake. Kapu, historia na mgeni vimefungwa pamoja. Mtoto mmoja wa Miteja akileta muhogo madhabahuni na kusimulia kwa sauti yake ulivyopatikana, usharika utakuwa umesikia maelezo ya ombi la nne.

6. PINGAMIZI LA WAZAZI

Wazazi wengi watasema: tumemsomesha ili asije akalima kama sisi. Neno hilo lisichekwe, maana limetoka katika migongo iliyochoka. Kanisa halikuitwa kuwafunga watoto wa maskini katika jembe la mkono huku watoto wa wengine wakienda mjini. Lengo ni kwamba mtoto yeyote, awe atakuwa muuguzi, dereva, hakimu au mchungaji, asikate uzi unaomwunganisha na waliomlisha. Hakimu asiyejua thamani ya ekari iliyokanyagwa atahukumu vibaya mgogoro wa mkulima na mfugaji. Muuguzi asiyejua makopa hataitambua konzo.

HITIMISHO

Maneno haya yanatuhusu kwanza sisi tulio vyuoni. Mwanafunzi wa theolojia hula ugali katika bwalo kwa miaka kadhaa bila kuulizwa umetoka wapi, kisha hutumwa katika usharika ambako posho yake itatokana na ufuta, korosho na nazi. Akifika huko akiwa hajui ufuta huvunwa lini, atapanga semina wakati watu wako shambani na kulalamika kwamba hawaji. Akihubiri habari ya mpanzi, wasikilizaji wake watajua kuliko yeye.

Basi swali la Katekisimu lirudi kwetu kabla hatujawauliza watoto. Mchungaji aliyetumwa mahali kama Miteja na atenge msimu wake wa kwanza kuwa mwanafunzi wa bibi anayeloweka muhogo na wa mtoto aliye katika dungu. Wao watamfundisha kazi; yeye atawafundisha jina la Yule aliye nyuma ya kinyago. Kwa mapatano hayo ombi la nne linaweza kuombwa na usharika mzima, kila mmoja akijua anachokiomba na anamwombea nani.